Nani ana ufunguo saa kumi jioni?

Jumatatu moja nilifika shuleni nikakuta tanki la lita 5,000 limekauka. Ukiwa Dodoma, tanki tupu maana yake vyoo havitumiki siku nzima. Nilidhani bomba limepasuka. Kumbe jirani anayefyatua matofali nyuma ya uwanja alikuwa ameunga mpira wake tangu Ijumaa jioni, na waliomfungulia koki ni wanafunzi wangu wawili wa darasa la tano, kwa shilingi 200 kila mmoja.

Niliwauliza walikuwa wanatafuta nini shuleni saa kumi na moja, ilhali darasa lao hutoka saa nane na nusu. "Tunamsubiri dada." Dada yuko darasa la saba, anabaki kwa masomo ya ziada. Nyumbani kumefungwa, mama yuko soko la Majengo mpaka giza liingie.

Ukitaja usalama wa shule, mzazi wa kwanza kunyoosha mkono atasema tujenge ukuta. Ukuta ni pesa, na tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 ufute ada na michango ya lazima, mzazi huombwa tu, halazimishwi. Lakini hata pesa zingekuwepo, nina mashaka. Shule niliyofundisha zamani ilikuwa na ukuta mzuri, geti likifungwa saa tisa. Vijana wa mpira wakahama. Wakabaki watoto walioruka ukuta na wavuta bangi nyuma ya vyoo, na ukuta ule ule ukawasitiri. Tangu hapo timu ya mtaa ikija kufanya mazoezi uwanjani kwangu, nashukuru. Wachezaji ishirini ni macho arobaini.

Kinachotusumbua ni saa zile za katikati. Mwalimu wa zamu anaondoka saa tisa na nusu, mlinzi anaingia saa kumi na mbili. Kocha anajua watoto ni wa shule. Shule inajua jioni uwanja ni wa timu. Mtendaji wa mtaa anajua shule ina mwalimu mkuu. Mtoto akivunjika mkono hapo, nani anampeleka zahanati? (Na mshambuliaji wao hodari ana miaka 16, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 naye ni mtoto.)

Tuliitisha kikao cha kamati ya shule, tukamwalika mwenyekiti wa mtaa. Ubishi ulikuwa mkubwa, hasa kwa wanakwaya wanaotumia darasa Jumapili, waliodhani tunawafukuza. Tulichokubaliana kilikuwa daftari kubwa la kaunta: kila kikundi kinaandika mtu mzima mmoja, namba yake ya simu, saa anayochukua ufunguo na saa anayorudisha. Huyo ndiye mwenye eneo kwa muda huo, watoto waliopo wakiwemo, hata wasio wake. Kocha alinung'unika, akasaini. Koki ya tanki tukaitia kufuli. Magoli ya chuma yaliyokuwa yamesimamishwa tu juu ya mchanga tukayachimbia kwa zege, kwa sababu watoto wanaosubiri hawakosi kuyaning'inia, na goli likimwangukia mtoto linaweza kumuua.

Wanaosubiri ndugu zao sasa hukaa chini ya mti ulio karibu na barabara, pembeni ya mama anayeuza maandazi. Hatumlipi, tulimwomba tu, akakubali kabla sijamaliza sentensi. Anawajua kwa majina kuliko walimu wengine wanavyowajua.

Mfyatua matofali alikuja kuomba radhi, na wiki iliyofuata akaja kuomba maji. Nilimwelekeza kwenye kamati.

Likizo ya Desemba bado inanishinda. Masomo ya ziada hakuna, mama wa maandazi anakwenda kulima, mbuzi wanaingia mpaka barazani, na watoto wanakuja vile vile kwa sababu uwanja ndio huu. Mwaka jana daftari lilikaa kabatini wiki nne. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi, nikiwa kijijini Kongwa.