Mwanafunzi mwenye gitaa wodini: maswali ya mzazi kuhusu tiba ya muziki

Umelaza mtoto katika hospitali ya watoto nchini Marekani. Hodi inabishwa, anaingia kijana mwenye gitaa na kitambulisho cha mwanafunzi. Maswali haya huja yenyewe.

Huyu amekuja kututumbuiza?

La. Anasomea tiba ya muziki, fani ambayo Chuo Kikuu cha Michigan State kilianza kuitolea shahada mwaka 1944. Kabla ya kufanya mtihani wa bodi inayowaidhinisha wataalamu wa fani hii lazima amalize angalau saa 1,200 za mafunzo ya vitendo, na 900 au zaidi kati ya hizo ni za utarajali, kama ule wa daktari tarajali. Yuko chini ya msimamizi aliyekwisha kuidhinishwa.

Atamfanyia nini mwanangu?

Kwanza atamtazama. Anavyopumua, amekunja ngumi au la, macho yanafuata nini. Mtoto anayelia kwa hofu ya sindano haanziwi na wimbo mtulivu, kwani hataupokea. Mwanafunzi huanza na mwendo uleule wa kilio chake, kisha hupunguza kasi kidogo kidogo, na mara nyingi pumzi ya mtoto huufuata wimbo. Wakati muuguzi anabadilisha bandeji, mtoto hupewa manyanga atikise ili akili isikae kwenye kidonda tu. Anayetakiwa kuvuta pumzi ndefu anaweza kupewa filimbi. Kijana wa miaka 15 huenda akatunga wimbo wake mwenyewe, na humo akasema jambo ambalo hajawahi kumwambia daktari.

Muziki hauchukui nafasi ya dawa ya maumivu. Akiumwa, dai dawa.

Mtoto wangu ni njiti. Kelele hazitamdhuru?

Zinaweza, na una haki ya kuogopa. Kwa njiti hutumika sauti moja, ya chini, mara nyingi bila ala yoyote. Akitanua vidole, akipata kwikwi, akigeuza uso au rangi yake ikibadilika, amechoka na wimbo hukoma papo hapo. Kusoma dalili hizo ni kazi ngumu kuliko kupiga gitaa, ndiyo maana naamini mwanafunzi hapaswi kuachwa peke yake katika wodi hiyo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Pediatrics ulifuatilia watoto njiti 272 katika hospitali 11. Muziki wa moja kwa moja ulituliza mapigo ya moyo, na wasiwasi wa wazazi ulipungua pia. Miongoni mwa nyimbo zilizotumika ni zile ambazo wazazi walizichagua wenyewe. Kwa hiyo mama usione haya kuimba ule wa kwenu wa kubembeleza, hata kama wodi nzima haijui Kiswahili. Mfundishe mwanafunzi, atashukuru.

Naweza kukataa?

Ndiyo, na huduma nyingine za mtoto haziguswi. Unaweza pia kuomba msimamizi awepo. Mtoto naye anaweza kukataa, na kwangu hili ni zito: kutwa nzima anachomwa, anapimwa, anaamshwa usingizini bila kuulizwa. Mwenye gitaa ni mtu ambaye mtoto anaweza kumwambia “toka” na akatoka kweli. Mwanafunzi mzuri hutoka bila kununa, na kesho hubisha hodi tena.

Nimwambie nini kabla hajaanza?

Mwambie nyimbo anazozijua mtoto, za nyumbani, za kanisani au kaswida, na lugha anayoielewa zaidi. Mwambie kama ana kifafa, kama hasikii vizuri, au kama hushtushwa na sauti kubwa. Ikiwa kuna wimbo unaomkumbusha mtu aliyefariki, utaje mapema ili asiuanzishe bila kujua.