Awamu Ikibadilika, Nani Huondoka Serikalini?

Machi 19, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Ikulu ya Magogoni jijini Dar es Salaam, siku mbili baada ya kifo cha Rais John Magufuli. Kabla mwezi haujaisha, Dk. Bashiru Ally, aliyeteuliwa Katibu Mkuu Kiongozi mwishoni mwa Februari, alikuwa ameshaondolewa kwenye nafasi hiyo na kuteuliwa mbunge, na Balozi Hussein Kattanga ameketi mahali pake. Baraza la mawaziri likapanguliwa, na miezi miwili mitatu iliyofuata ikawa zamu ya wakuu wa mikoa na wa wilaya. Chama tawala kilikuwa kilekile na Katiba ileile. Rais mpya mwenyewe alikuwa makamu wa yule aliyetangulia. Viti vikahama hata hivyo.

Hilo ndilo linalozungumzwa hapa: kuondoka kwa watu serikalini baada ya uongozi wa juu kubadilika. Ndani yake wamo waliotenguliwa, waliohamishwa, waliostaafishwa, na wale walioandika barua wenyewe wakaondoka. Mtaani wote huwekwa kwenye kapu moja. Jioni taarifa ya Ikulu ikisambaa kwenye simu, watu huambiana "mkeka umetoka" na kuanza kutafuta majina, na kesho yake kwenye daladala utasikia kwamba fulani "katumbuliwa", hata kama taarifa yenyewe imesema atapangiwa kazi nyingine. Kuchanganya huko kunawaumiza watu, hasa watumishi wadogo, na ndiyo maana nataka tuchambue jambo hili taratibu.

Viti serikalini ni vya aina mbili. Tuanze na kiti cha uteuzi. Ibara ya 36 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuanzisha nafasi za madaraka katika utumishi na kuteua viongozi wa kuzishika. Humo wamo makatibu wakuu, wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, na wengi wa wale wanaoongoza taasisi na mashirika makubwa. Anayekaa hapo hukaa kwa ridhaa ya aliyemteua. Akitenguliwa, haina maana kwamba amekosa. Rais hahitaji kuthibitisha kosa ili abadilishe mtu wa kumsaidia.

Mawaziri wana utaratibu wao, ulio mkali zaidi: Katiba inasema nafasi zao huwa wazi mara tu kabla Rais mteule hajashika madaraka. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliapishwa Novemba 5, lakini baraza lake alilitangaza Desemba 10. Kwa zaidi ya mwezi mmoja wizara hazikuwa na mawaziri. Mishahara ililipwa, hospitali zilifunguliwa, meli zilipakuliwa bandarini. Walioshika usukani wizarani ni makatibu wakuu, na chini yao jeshi la watumishi ambao majina yao hayajawahi kusomwa kwenye mkeka wowote.

Hao wa mwisho ndio wenye kiti cha pili, kiti cha ajira. Mwalimu wa Temeke, muuguzi wa Mwananyamala, mhasibu wa halmashauri, mtunza kumbukumbu wa masjala: hawa hawakuletwa na rais yeyote na hawapaswi kuondoka naye. Wameingia kwa kuomba kazi na kufanyiwa usaili, siku hizi kwa sehemu kubwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wanalindwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002, inayotaka tuhuma ziandikwe, mtumishi ajibu, uchunguzi ufanyike, kisha ndipo adhabu itolewe. Sheria hiyohiyo inamwachia Rais mlango wa kumwondoa mtumishi kwa manufaa ya umma, lakini mlango huo ni wa Rais. Mkuu wa idara aliyeripoti wiki iliyopita hana ufunguo wake.

Sasa kuna watu wanaokaa katikati, na hawa ndio ninaowahurumia zaidi. Dereva aliyemwendesha Mheshimiwa miaka mitano kwenye gari la serikali lenye namba za STK. Katibu muhtasi aliyeshika funguo na siri zote. Msaidizi aliyeandika hotuba. Kisheria wengi wao ni watumishi wa kawaida kabisa, ila ofisini wanahesabika kuwa "watu wa fulani". Bosi mpya anakuja na dereva anayemwamini, na yule wa zamani anaambiwa akae pale nje kwanza. Hafukuzwi wala hapangiwi kazi. Safari zinakatika, posho zinakatika, na baada ya muda anaomba uhamisho au likizo bila malipo. Kwenye takwimu huyu hataonekana kama mtu aliyeondoka kwa sababu ya siasa. Ataonekana kama mtumishi aliyehama kwa ombi lake.

Zaidi ya hayo kuna suala la makaimu. Uteuzi mmoja ukitenguliwa, mtu wa chini yake hukaimu, na nafasi ya huyo hushikwa na mwingine anayekaimu pia. Kaimu anaogopa kusaini jambo zito ambalo mteule mpya anaweza kulihoji. Mwananchi aliyefuata kibali cha ujenzi au malipo ya zabuni anaambiwa asubiri "bosi mpya aripoti". Kila mkazi wa Dar es Salaam aliyewahi kufuatilia jalada anaijua kauli hiyo.

Na kinachopotea kwa wingi ni kumbukumbu. Uteuzi mwingi huanza mara moja, kwa hiyo makabidhiano ya ofisi hufanywa haraka: taarifa ya kurasa kadhaa, orodha ya mali, picha ya pamoja, kupeana mikono. Kwenye taarifa hiyo haiandikwi kwamba mkandarasi fulani alishaahidi kwa mdomo kurudia kazi, wala kwa nini mradi wa mtaa fulani ulisimama, wala ni mzee gani wa mtaa akishirikishwa mambo yanakwenda. Miradi ya jiji hili hudumu kuliko wateule wake. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka ulianzishwa mwaka 2007, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Hapo katikati awamu ya nne, ya Rais Jakaya Kikwete, ilimaliza muda wake na ya tano, ya Magufuli, ikaingia. Kazi kama hiyo inafika mwisho kwa sababu kuna wahandisi, wapimaji na maofisa ardhi waliobaki kwenye meza zao huku waliokuwa juu yao wakibadilika. Ndiyo maana naamini vichwa vya taasisi za kitaalamu, zinazosimamia maji, umeme, bandari na barabara, havipaswi kutazamwa kwa jicho lilelile linalomtazama mkuu wa wilaya. Mkuu wa wilaya ni jicho la Rais, na ni haki yake kulibadilisha. Mtaalamu wa mitambo apimwe kwa mitambo.

Dar es Salaam imeshaona wimbi kubwa kuliko haya yote. Baada ya Uhuru wa Desemba 1961, nafasi nyingi za juu serikalini zilikuwa bado mikononi mwa Waingereza. Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, Rashidi Kawawa akashika nafasi, na kazi ya kuwaweka Waafrika kwenye utumishi ikaongezwa kasi. Maofisa wa kikoloni wakaondoka na fidia zao, na vijana waliokuwa makarani wakajikuta wanaongoza idara. Kuondoka huko kulikuwa na haki yake, kwa sababu nchi huru haiwezi kuendeshwa na watumishi wa bwana wa jana.

Yapo pia maondoko yanayokuja na awamu mpya lakini yenye msingi mwingine kabisa. Uhakiki wa vyeti wa mwaka 2017 uliwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Hilo lilikuwa suala la nyaraka: mwenye cheti halali alibaki hata kama alimpenda nani. Lakini katika uhakiki huohuo waliondolewa pia watumishi wa elimu ya darasa la saba, na mwaka 2018 serikali ikaagiza warejeshwe wale walioajiriwa kabla ya Mei 20, 2004, kwa sababu walipoajiriwa sharti la kidato cha nne halikuwepo. Fikiria mlinzi au mpishi wa shule aliyekaa nyumbani miezi yote hiyo bila mshahara. Fagio la awamu mpya likipita kwa kasi hugusa hata wasiostahili, na hapo ndipo utaratibu wa maandishi unapokuwa kinga ya mnyonge.

Wenzetu wamelipatia jambo hili majibu tofauti. Uingereza, tangu ripoti ya mwaka 1854 iliyopendekeza watumishi waajiriwe kwa mtihani na sifa, chama kikishindwa mawaziri huondoka na katibu mkuu wa wizara hubaki kumpokea waziri wa chama kingine. Kwetu katibu mkuu ni mteule. Marekani ilikuwa na desturi ya mshindi kugawa kazi kwa watu wake, mpaka Rais James Garfield alipopigwa risasi mwaka 1881 na mtu aliyeamini anadaiwa cheo. Mwaka 1883 ikatungwa sheria ya kuajiri kwa sifa. Leo rais wa huko ana nafasi za kisiasa kama 4,000 za kujaza, na wengine wote hutarajiwa kubaki. Ndiyo sababu mwaka 2025 ulishtua: serikali ya Donald Trump iliwapa watumishi wa kawaida nafasi ya kujiuzulu huku wakiendelea kulipwa hadi Septemba, na kiasi cha 75,000 waliikubali katika duru ya kwanza. Mshtuko wa mabadiliko yale, yaliyokata pia misaada ya nje, ulifika mpaka hapa Dar es Salaam, kwa Watanzania waliofanya kazi kwenye miradi ya afya iliyofadhiliwa na Marekani.

Nirudi kwa mtumishi wa hapa nyumbani, ambaye bosi wake ametenguliwa na yeye anahisi kiti kinawaka moto. Tafadhali usiandike barua ya kujiuzulu kwa hasira au kwa woga. Aliyetoka kwenye ajira ya kawaida akateuliwa, uteuzi wake ukitenguliwa, ajira yake haijafutwa kwa hilo pekee, lakini aliyejiuzulu ameifuta mwenyewe. Tofauti hiyo inaonekana kwenye fedha. PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF, una fao la kukosa ajira, ila halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Pensheni nayo inataka michango ya miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Mwenye miaka 55 anaweza kuomba kustaafu kwa hiari, na 60 ndio umri wa lazima kwa watumishi walio wengi. Mtu wa miaka 54 mwenye michango iliyotimia ana sababu nzito ya kuvumilia hata kwenye meza isiyo na kazi.

Na kama umeachishwa kwa kile unachoona ni uonevu, ukimbilie Tume ya Utumishi wa Umma kwanza, kwa rufaa ya maandishi ndani ya siku 45 tangu upate uamuzi. Wapo waliokwenda moja kwa moja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kama afanyavyo mfanyakazi wa kampuni, wakarudishwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia za sheria ya utumishi. Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo na hati za mshahara ziwe na nakala nyumbani, siyo kwenye droo ya ofisi ambayo kesho inaweza kuwa na kufuli jipya.