Kwa nini ndege bora ya kivita ya Ufaransa iliwahiwa na vita?

Ujerumani ilipoivamia Ufaransa tarehe 10 Mei 1940, Wafaransa walikuwa na ndege moja ya kivita ya kwao wenyewe iliyoweza kukabiliana na Messerschmitt Bf 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, bila kuonewa sana: Dewoitine D.520. Toulouse, ilikokuwa ikiundwa, zaidi ya ndege 200 zilikuwa zimeshatoka kiwandani. Lakini zilizokuwa kikosini, tayari kwa mapigano, zilikuwa 36 tu. Zilizobaki zilikwama wapi?

Chanzo cha mkwamo huo ni cha miaka minne nyuma. Mwaka 1936 mhandisi Émile Dewoitine alianza kuchora ndege ya kuchukua nafasi ya zile alizoziona zimeshapitwa na wakati. Wakubwa wa jeshi walitaka mwendo wa kilomita 520 kwa saa, na namba hiyo ndiyo iliyokuwa jina la ndege. Hata hivyo mchoro haukupata mkataba. Jeshi lilikuwa limeshaielekea Morane-Saulnier MS.406, ndege nyingine ya kivita ya Kifaransa, na wakati huohuo serikali ilikuwa ikitaifisha viwanda vya silaha, kikiwemo cha Dewoitine. Yeye aliendelea na kazi bila kusubiri oda. Mkataba wa ndege za majaribio ulitiwa saini Aprili 1938. Kwangu mimi hapa ndipo palipopotea muda ambao haukuweza kufidiwa tena, kwa sababu nchi jirani zilikuwa zikiunda ndege usiku na mchana.

Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka tarehe 2 Oktoba 1938, rubani akiwa Marcel Doret. (Doret huyo mwaka 1944 aliongoza kikosi cha D.520 dhidi ya Wajerumani waliobaki kusini-magharibi mwa Ufaransa.) Matokeo ya mwanzo yalivunja moyo: mwendo uliishia karibu kilomita 480. Rejeta mbili za kupoza injini zilikuwa zimening'inizwa chini ya mabawa, na hewa iliyogonga pale iliirudisha ndege nyuma. Propela nayo ilikuwa ya mbao, yenye pangaa mbili zisizobadilika pembe, kwa hiyo haikuweza kufaa sawasawa wakati wa kupaa na wakati wa kukimbia. Mwishoni mwa Novemba ndege ikatua bila magurudumu kushushwa, ikaharibika tumbo.

Ajali hiyo iliwapa mafundi nafasi ya kuifumua. Rejeta mbili zikaondolewa, ikawekwa moja chini ya kiwiliwili. Ikafungwa propela ya pangaa tatu zinazogeuzwa pembe. Mabomba ya moshi yakatengenezwa upya ili moshi unaotoka kwa kasi usaidie kuisukuma ndege mbele. Iliporudi angani ilivuka zile 520. Ndani ya injini ya Hispano-Suiza ulipita mzinga wa milimita 20 uliofyatua katikati ya propela, na kwenye mabawa kulikuwa na bunduki nne za rashasha. Uzuri mwingine, ambao husahaulika, ni kwamba kuiunda kulichukua takriban nusu ya saa za kazi zilizohitajika kwa MS.406.

Aprili 1939 jeshi likaagiza 200, na baadaye oda zikazidi 2,000. Ndege ya kwanza ya oda hiyo iliruka Novemba 1939, vita vikiwa vimeshaanza. Zilizofuata zilikuwa na kasoro za upozaji na za silaha, zikarudishwa kiwandani kurekebishwa kabla jeshi halijazikubali. Kikosi cha kwanza, GC I/3, kilianza kwa kufanyia mazoezi ndege zisizo na bunduki. Hizo ndizo zile zilizokosekana Mei 10: zilikuwepo, ila zilikuwa mikononi mwa mafundi.

Haikuwa ndege isiyo na udhaifu. Wafaransa walipoilinganisha na Bf 109 waliyoiteka, ya Mjerumani iliizidi kwa kama kilomita 30 kwa saa, kwa kuwa injini yake ilikuwa na nguvu zaidi. D.520 iligeuka vizuri, ila ikikatishwa kona kwa nguvu mno iliweza kumponyoka rubani na kuanza kuzunguka.

Siku yake ya kwanza ya mapigano, Mei 13, GC I/3 iliangusha ndege nne za Kijerumani bila kupoteza hata moja. Tarehe 15 Juni, kusini mwa nchi, Pierre Le Gloan aliangusha ndege tano za Kiitalia katika safari moja: nne za kivita aina ya CR.42 na moja ya mabomu, BR.20. Kikosi chake kilikuwa kimetoka kwenye MS.406 muda mfupi tu kabla ya hapo.

Wiki moja baadaye, Juni 22, Ufaransa ilitia saini mkataba wa kusitisha vita. Kufikia wakati huo zilikuwa zimeundwa D.520 zipatazo 437, na nyingi zilizonusurika zilirushwa hadi Afrika Kaskazini zisiangukie mikononi mwa Wajerumani.