Je, wajua kwa nini hewa chafu huleta saratani ya mapafu kwa asiyevuta sigara?

Mtu hajawahi kugusa sigara, kisha anaambiwa ana saratani ya mapafu. Wapo watakaosema amerithi, wengine watalaumu hewa anayovuta. Kumbe jeni na hewa huweza kushirikiana, tena kwa namna ambayo wengi hawaitarajii.

Ilizoeleka kudhani kwamba uchafu wa hewani huharibu DNA ya seli, nayo ikageuka kuwa saratani. Moshi wa sigara hufanya hivyo kweli. Lakini mwaka 2023 timu ya Charles Swanton wa Taasisi ya Francis Crick, London, ilionyesha njia nyingine. Katika sampuli 295 za nyama ya mapafu isiyo na saratani, asilimia 18 zilikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo EGFR, na asilimia 53 kwenye KRAS. Hitilafu hizi si za kurithi. Huzuka kadiri umri unavyosonga. Seli yenye hitilafu inaweza kukaa kimya maisha yote.

Kinachoiamsha ni vumbi la PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5, ndogo mara 30 hivi kuliko unene wa unywele. Zikifika ndani kabisa ya mapafu, seli za kinga humwaga kemikali iitwayo interlukini-1 beta. Mapafu huwashwa na kuvimba, na katika purukushani hiyo seli yenye hitilafu hupata mwanya wa kuzaana ovyo. Watafiti walipoizuia kemikali hiyo kwa panya, saratani ilipungua. Wala wazo lenyewe, kwamba seli yenye hitilafu husubiri kuamshwa, si geni: mtafiti wa saratani Isaac Berenblum alilieleza tangu 1947, akitumia ngozi ya panya.

Na jeni za kurithi je? Zipo, kama GSTM1 inayosaidia kuondoa sumu, ambayo watu wengi huzaliwa bila kuwa nayo. Ila tafiti zake zinakinzana, na naona hutajwa kuliko uzito wake.

Dawa ya kuzuia interlukini-1 beta, kanakinumabu, tayari ipo. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa moyo, matokeo ya 2017 yalionyesha kuwa waliougua saratani ya mapafu walikuwa wachache zaidi miongoni mwa waliopewa dawa hiyo. Baadaye dawa hiyo wakapewa watu ambao saratani hiyo ilikwisha kuwaingia. Kwao haikufua dafu.