Uchafuzi wa kemikali kwenye nyama ya kubabuliwa

Kichwa cha mbuzi hakiingii sufuriani na manyoya yake. Pale Kiamaiko au Burma, masoko ya nyama jijini Nairobi, vichwa na miguu hubabuliwa motoni, kisha ngozi inakwaruzwa kwa kisu mpaka ibaki ya kahawia, tayari kwa supu. Kubabua kwenyewe si kosa. Cha kuuliza ni kitu gani kinachowaka.

Uchafuzi wa kemikali ni pale dutu zenye madhara zinapoingia kwenye chakula. Usiuchanganye na ule wa vijidudu. Vijidudu vingi hufa supu ikitokota, lakini risasi na kadimiamu ni metali: chemsha kutwa nzima, hazitoki. Sana sana zitahamia kwenye mchuzi, na mchuzi ndio tunaokunywa.

Tairi kuukuu lina raba, mafuta, salfa, oksidi ya zinki na nyaya za chuma. Linawaka kwa moto mkali na halinunuliwi, ndiyo maana wababuaji wengine, hasa Ghana na Nigeria, wamelitumia sana kwenye ngozi za ng'ombe na mbuzi. Plastiki na mbao zenye rangi ya zamani ziko kundi hilohilo.

Moshi mweusi wa vitu hivi hubeba haidrokaboni za aromatiki, yaani kemikali zinazotokea kitu kisipoungua vizuri, ikiwemo benzopaireni, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kundi la 1, yaani imethibitika kuleta saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya hauruhusu izidi mikrogramu 2 kwa kilo ya nyama iliyokaushwa kwa moshi. Kemikali hizi huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kisu kinaondoa masizi ya juu tu. Kuni nazo huzitoa, tusijidanganye, ila haziongezi mabaki ya raba na metali. Bakuli moja halikulazi hospitali; risasi hujikusanya mwilini miaka na miaka, na watoto ndio huumia zaidi.

Mhuri wa mkaguzi wa nyama hausaidii hapa. Yeye hutafuta ugonjwa kwa macho na kisu, ilhali risasi huonekana maabara. Tena kichwa mara nyingi hubabuliwa baadaye, na mtu mwingine kabisa.

Maji ya moto ya nyuzi 60 hivi hulegeza manyoya yakakwaruzika, na moto wa gesi hautoi masizi mengi, ingawa wapenzi wa supu watakwambia ladha ya moshi imepotea. Kichwa kikinuka raba hata baada ya kuoshwa, kirudishe.