Fomu ya mtandaoni ikikushinda, si lazima kosa liwe lako

Katika steshenari za Mwanga na Ujiji, mjini Kigoma, wengi huamini kwamba anayeshindwa kujaza fomu ya serikali mtandaoni hajui kompyuta, hivyo bora amlipe anayejua. Imani hiyo inaeleweka, maana kijana wa steshenari humaliza haraka. Ila mara nyingi amekwisha kukariri mitego ya fomu ile. Mitego yenyewe bado ipo.

Chukua namba ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20 zilizotenganishwa kwa vistari: kwanza mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha mafungu mengine matatu. Mtu anainakili ilivyo, fomu inakataa: "Taarifa si sahihi." Namba ni sahihi kabisa! Fomu iliyosanifiwa vizuri huvipokea vistari na nafasi, ikaviondoa yenyewe. Pakiwa na kosa, huandika kando ya kisanduku hichohicho: "Umeweka tarakimu 19, zinatakiwa 20." Mtandao ukikatika, haifuti yaliyokwisha kujazwa.

Unaweza kupima mwenyewe. Mpe simu jirani ambaye hajawahi kuiona fomu hiyo, kaa kimya, usimwelekeze hata akikuuliza, andika kila anaposita. Watu 5 hutosha kufichua matatizo mengi makubwa. Mwalimu, mvuvi na mama wa dagaa wakikwama mahali pamoja, kasoro iko kwenye fomu. Kisha zima data katikati ya kujaza, iwashe tena, uone kilichobaki.