Je, wajua? Beki anayepigwa danganya toto hautazami mpira

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba pasi ya hadaa katika futiboli ya Kimarekani ni kiinimacho cha mikono. Kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, anamgeukia mkimbiaji, anajifanya kumkabidhi mpira, anauficha pajani, kisha anarudi nyuma na kuurusha mbali. Nilidhani mabeki wanadanganyika kwa kuwa hawajui mpira uko wapi. Niliwahi hata kumfundisha mtu hivyo, tena kwa kujiamini. Kumbe beki anayeingia mkenge hakuwa akiutazama mpira.

Kwa asiyeujua mchezo: timu mbili za watu 11, na wenye mpira wana majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9, ama kwa kukimbia nao ama kwa kuurusha. Yadi nne au tano nyuma ya mstari wa mbele, ule wa mapande ya watu, husimama mabeki wa kati wanaoitwa lainibeka. Hao ndio wanaotegwa. Ikiwa ni mbio, wapande mbele kuziba mwanya. Ikiwa ni pasi, warudi kulinda uwazi ulio nyuma yao. Anayengoja mpaka ajue mpira uko kwa nani, mkimbiaji ameshampita.

Kwa hiyo anamsoma mtu mwingine: gadi, mmoja wa wawili wanaosimama ubavuni mwa yule anayeanzisha mpira. (Neno limeangukia pazuri, kwa mabaharia wetu gadi ni mti wa kuegemeza chombo kisilale.) Gadi kwa kawaida hagusi mpira, ila mwili wake hautunzi siri. Mpango ukiwa mbio, huchomoka mbele ameinama, tayari kusukuma mtu. Ukiwa pasi, huinua kifua na kurudi kinyumenyume kumkinga kwotabeki.

Chukulia una samaki jikoni na nguo kambani. Mara unamwona jirani anaanua zake mbiombio. Huanzi kwa kutazama mawingu. Unatoka, maana siku zote jirani akianua, mvua hufuata. Leo ameanua jua likiwaka, makusudi. Hatua mbili nje ya mlango unainua macho, unagundua, unageuka, na paka keshaingia jikoni. Gadi ndiye jirani huyo. Kwenye pasi ya hadaa hufundishwa kuchomoka ameinama kama siku ya mbio. Beki anapanda hatua mbili, na mpokeaji anajipenyeza palepale alipopaacha. Mikono ya kwotabeki husaidia, sikatai, lakini gadi akisimama wima mapema, kiinimacho chote kinakuwa maigizo ya bure.

Uongo huo una mpaka kisheria. Katika NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, watu wa mstari wa mbele hawaruhusiwi kusonga zaidi ya yadi 1 mbele ya pale mpira ulipoanzishwa kabla pasi haijarushwa. Vyuoni ni yadi 3. Jirani anaruhusiwa kushika nguo kambani, si kuingia nazo ndani. Beki mtulivu hungoja kuona kama anaingia. Tatizo ni kwamba utulivu huo wenyewe unamchelewesha siku ambayo mvua ni ya kweli.

Kosa langu la pili ni la wengi, wakiwemo makocha na watangazaji: kwamba lazima kwanza timu ikimbie sana, tena vizuri, ndipo hadaa ikubalike. Ni hoja tamu, na ndiyo maana ilinichukua muda kuiacha. Wachambuzi wa takwimu za NFL walipoitafuta hawakuiona: timu zinazokimbia vibaya au kwa nadra hufaidika na pasi ya hadaa karibu sawa na nyingine. Pengine sababu iko kwenye kamba ya nguo. Hofu ya mvua haikuanza asubuhi ya leo. Beki amefundishwa kumfuata gadi tangu ujanani, na nusu saa ya kwanza ya mechi haiwezi kumfutia mazoea hayo. Ila tahadhari: takwimu hizo zinatoka kwenye mechi ambazo makocha wenyewe walichagua wakati wa kudanganya, na hakuna timu iliyothubutu kutokimbia kabisa. Kwamba ujanja huu usingechoka hata ukirudiwa kila mara, hilo halijathibitishwa.

Mpira kufichwa kwelikweli, kama nilivyodhani zamani, kumetokea. Mwaka 1903 timu ya Carlisle, shule ya Wenyeji wa Amerika iliyofundishwa na Pop Warner, ilicheza na Harvard. Ulipopigwa mpira wa kuanzia kipindi cha pili, walioudaka waliuchomeka mgongoni mwa Charles Dillon, ndani ya fulana iliyoshonewa lastiki ili mpira usidondoke. Harvard wakawafukuza wengine huku Dillon akikimbia, mikono mitupu, mpaka mwisho wa uwanja. Dillon alikuwa gadi. Harvard walishinda 12 kwa 11.